Kwa dada unayepanga kutoka kwenye ndoa ya kipigo: kusanya makaratasi kabla ya kubeba begi (uzi mrefu)

Kashata ya Nazi (mwanzisha uzi)

Habari za usiku wakuu. Nimeona uzi wa yule dada wa juzi aliyeomba ushauri mume anampiga, watu kurasa nzima wanamjibu "si uondoke tu unasubiri nini", wengine wanamcheka eti kazoea, nikasema ngoja na mimi niandike. Maana hiyo "si uondoke tu" nimeisikia sana na hakuna hata mmoja aliyewahi kuniambia naondokaje, kwa nauli ya nani, nalala wapi, na Jumatatu watoto wanasoma wapi. Sitafuti pole humu, pole nilipewa nyingi tu enzi hizo. Nataka kueleza nilitokaje, ili kama kuna mtu anasoma hapa kajificha chooni simu ameweka mwanga mdogo apate pa kuanzia.

Nilikua naishi Dar, ndoa ya kanisani kabisa, mahari ya ng'ombe ilishafika kwetu usukumani, watoto wawili. Mwanaume ana kazi yake inayoeleweka, mtaani wanamwita mpole, kwenye misiba yeye ndo anakabidhiwa daftari la rambirambi. Kipigo kilianza nikiwa na mimba ya kwanza, sitaelezea sana hapo maana kila mtu akisimulia anaishia kwenye ngumi na mateke na watu wanadhani ngumi ndo kila kitu. Kabla ya ngumi kuna mambo mengine. Anasoma meseji zangu za M-Pesa kila jioni, laini ya pili hataki kuiona, rafiki zangu mmoja mmoja wakawa "malaya" mpaka nikabaki sina wa kumpigia, alafu akiacha hela ya matumizi anataka risiti. Risiti ya nyanya jamani! Mama wa gengeni atoe wapi risiti ya nyanya za buku?

Sasa nije kwenye kitu ambacho ndo kilinikalisha mle ndani muda mrefu kuliko hata huyo mwanaume mwenyewe, nacho ni KIKAO. Kila nikikimbilia kwa ndugu inaitishwa kikao. Mshenga anakuja, baba mdogo anakuja, upande wa kina mume wanakuja na shangazi yao mwenye sauti kubwa, tunakaa sebuleni, naulizwa "kwani ulimjibuje?" Yani swali la kwanza ni hilo, jicho limevimba naulizwa nilijibuje. Alafu kijana anaonywa, anaomba msamaha anainamisha kichwa, wazee wanafurahi "ndoa ndo zilivyo", sala, basi. Kikao kimoja walimtoza faini ya kuku. Kuku mwenyewe nikamchinja mimi, nikampika mimi, wakamla wao na yeye akiwemo. Mpaka leo nikimkumbuka yule kuku nacheka peke yangu kama chizi.

Siwachukii wazazi wangu. Mama aliniambia "vumilia mwanangu hata mimi" akanyamaza hapo hapo, hakumalizia, na nilielewa. Kitchen party yangu kungwi alisema ya ndani yabaki ndani na ukumbi mzima ukapiga vigelegele. Kwenye utafiti wa afya na idadi ya watu wa Tanzania wa 2015-16 wanawake asilimia 58 walisema kuna sababu angalau moja ya mume kumpiga mke, kuunguza chakula ikiwemo. Wanaume waliosema hivyo walikua pungufu, asilimia 40. Kwaiyo ukishangaa kwanini mwanamke hapati pa kukimbilia, anza na hao waliomzunguka.

Ngoja nipumzike, naendelea baadae.

Bwana Mpunga

Nimeweka kiti mkuu, twende kazi

Mzee wa Kigogo

Sisi wengine tumezoea kusikia upande mmoja. Wanawake wa saivi mdomo, mwanaume ametoka kazini amechoka unamsemesha maneno ya kumdhalilisha unategemea nini. Sisemi kupiga ni sawa ila tuwe wakweli, tusikie na upande wa pili

Kashata ya Nazi

Upande wa pili uliitwa mahakamani kaka yangu, ulipewa nafasi ukajieleza mpaka ukamaliza, hakimu akasikiliza. Tuache hapo.

Tuendelee. Kilichobadilisha ni nesi mmoja. Nilienda hospitali mkono umeteguka, nikasema kama kawaida nimeteleza bafuni, wanawake wa bafuni tuko wengi sana nchi hii. Yule mama akafunga mlango, akaniuliza taratibu tu "nani kakupiga?", nikalia, akaniuliza tena "niandike hivyo ulivyosema?" Nikamwambia andika. Akaandika kwenye faili, tarehe, wapi kumevimba, na nimesema ni mume wangu. Akanielekeza nichukue PF3 polisi, ile fomu ya matibabu ya mtu aliyejeruhiwa, na nikifika niulize Dawati la Jinsia na Watoto, nisianze kujieleza pale kaunta mbele ya watu wote wenye kesi za pikipiki.

Nilienda. Kituo sikitaji, siku ya kwanza afande wa kaunta aliniambia "mambo ya chumbani hayo mama rudi mkayamalize", karibu nigeuze. Ila ndani kwenye dawati kulikua na askari wa kike hajavaa sare, akanisikiliza na kuandika. Fomu ni bure, ukiombwa hela ujue hiyo ni ya mtu binafsi. Sikumfungulia kesi siku ile na wala sikuondoka nyumbani siku ile. Nilirudi nikapika ugali. Ila nilirudi nikiwa na kitu ambacho kikao hakikuwahi kunipa, yani karatasi yenye tarehe na muhuri inayosema hiki kitu kimetokea. Wazee wanasahau, mshenga alishawahi kuapa mbele yangu kwamba "hatujawahi kusikia kesi ya kupigana hapa". Karatasi haisahau.

Kuanzia siku hiyo nikawa mtu wa makaratasi.

nesi_wa_zamu

Dada pole na hongera. Mimi nipo kwenye hii kazi naomba niongeze hapo maana watu hawalijui hili.

Kama umewahi kukabwa koo, hata mara moja, hata kama hakuna alama, nenda hospitali na useme "nimekabwa". Sio kila aliyekabwa anaonekana shingoni. Sauti kukwaruza, kumeza kuuma, macho kuwa na damu, kizunguzungu, kujikojolea pale ulipokabwa, hizo ni dalili, na uvimbe ndani unaweza kuja baadae ukabana njia ya hewa. Ukiwa na hali mbaya anzia hospitali utibiwe, fomu ya polisi ifuate.

Pili kukabwa ni ishara mbaya kuliko kofi. Kuna nesi mtafiti wa Marekani anaitwa Jacquelyn Campbell, toka miaka ya 1980 alitengeneza maswali ya kupima hatari ya mwanamke kuuawa na mwenza wake. Maswali yenyewe ni ya kawaida tu: amewahi kukukaba? Ametishia kukuua na unaamini anaweza? Kuna silaha ndani? Alikupiga ukiwa mjamzito? Anakufuatilia kila unapoenda? Anatishia kujiua? Kipigo kinaongezeka? Na moja kubwa, umemwacha au umemwambia unamwacha? Wanaume wa hivi wanakua hatari zaidi pale mwanamke anapoondoka. Kwaiyo nyie mnaosema "si uondoke tu" mjue mnamwambia mtu aingie kwenye kipindi kibaya kuliko vyote bila mpango. Tena usimtangazie kwa hasira "kesho naondoka". Usiseme chochote.

Kashata ya Nazi

Nesi umeandika nilichotaka kuandika, asante. Mimi nilikua na "ndio" nyingi sana kwenye hayo maswali na sikujua kama yana maana.

Sasa makaratasi. Cheti cha ndoa, vyeti vya kuzaliwa vya watoto, kadi zao za kliniki, kadi za bima, namba yangu ya NIDA, vyeti vyangu vya shule, na mkataba wa mauziano ya kiwanja ule wenye muhuri wa serikali ya mtaa. Vitu vyote hivyo alikua anafungia yeye kabatini. Siku akiacha funguo napiga picha moja mbili, narudisha vile vile, kwaresma nzima nafanya hivyo. Picha nazituma kwa dada mmoja wa jumuiya yetu alafu nafuta kwenye simu, na kwenye kile kisanduku cha vilivyofutwa nafuta tena, wengi wanasahau hapo. Mkataba wa kiwanja nilipiga kila ukurasa mpaka nyuma kwenye sahihi za mashahidi.

Simu nayo ni ya kuangalia jamani. Nilikua nashangaa anajuaje ninachoongea na dada yangu, kumbe WhatsApp yangu aliiunganisha kwenye kompyuta yake ya kazini. Ingia kwenye mipangilio angalia vifaa vilivyounganishwa. Ila usikurupuke kukitoa, ukikitoa atajua umejua. Mimi nilikiacha, nikaendelea kumtumia dada maneno ya kawaida tu, habari za mboga na homa za watoto, na mipango yote ikahamia kwenye kitochi nilichokua nakificha kwenye debe la unga. Mwanaume asiyepika hafungui debe la unga.

Hela nilipata wapi? Kikoba, kile kikundi cha akina mama cha kuweka na kukopa. Nilikua napika kashata na visheti nampa jirani anauza shuleni kama vyake, hisa zangu zinaingia kwa jina langu ila kitabu kinakaa kwa mweka hazina, hakuna meseji wala nini. Mgao wa mwisho wa mwaka ndo ulikua nauli na kodi. Nimeona humu watu wanacheka vikoba ni umbea, sawa, mimi ulinitoa umbea huo huo.

mgeni tu

Hapo kwenye kanisa dada ulifanyaje? Mimi paroko wetu anasema alichounganisha Mungu mwanadamu asitenganishe, nikimwambia napigwa ananipa novena, sala za siku tisa

Katekista Mstaafu

Mwanangu mgeni tu, novena sali lakini na hili ulijue. Sheria za Kanisa Katoliki, kitabu cha 1983, kanuni ya 1153, inasema mwenzi anayemweka mwenzake au watoto katika hatari kubwa ya roho au mwili anampa huyo mwenzake sababu halali ya kuondoka. Kwa ruhusa ya Askofu, na kama kuchelewa ni hatari unaondoka kwa uamuzi wako mwenyewe. Kifungo cha ndoa kinabaki, hiyo ni habari nyingine ya mahakama ya kanisa, lakini hakuna dhambi ya kulala sehemu salama. Nimefundisha wachumba miaka mingi na kanuni hii sikuwahi kuisikia ikisomwa kwenye semina hata moja. Ukienda kwa paroko itaje kwa namba.

Ustadh wa Ujiji

Na kwa upande wetu Waislamu mwanamke anaweza kuomba khului, yani kujivua ndoa kwa kumrudishia mume mahari, au kadhi akafasikhi (akavunja) ndoa kwa sababu ya madhara. Dada zetu wengi wanaambiwa talaka iko mkononi mwa mume tu basi, wanakaa wanasubiri atamke. Ila kwa bara mkumbuke karatasi ya shekhe peke yake haimalizi, lazima ipite baraza na mahakama ili mambo ya mali na watoto yakae sawa.

Mwanasheria wa Daladala

Ustadh yuko sahihi. Wacha niwawekee sheria kwa kiswahili cha stendi.

Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 66: hakuna mwenzi mwenye haki ya kumpiga mwenzake kama adhabu, hata kama mila inasema vingine. Sheria ya 71 hiyo, ina umri kuliko wengi humu, na bado mtu anakwambia "namrekebisha mke wangu".

Talaka huendi mahakamani moja kwa moja, unaanzia Baraza la Usuluhishi wa Ndoa, la kata au la dini yenu lililoidhinishwa. Likishindwa kuwapatanisha linatoa hati, hiyo watu wanaita fomu namba 3, ndo unaenda nayo. Kama mwenzako ameitwa na hataki kufika makusudi, hilo halikufungi. Na kifungu cha 101 kinaruhusu kuruka baraza pale mahakama ikiridhika kuna mazingira yasiyo ya kawaida, kwaiyo mtu ambaye maisha yako hatarini usikubali kuambiwa "lazima ukakae naye meza moja". Ukatili, wa mwili na hata wa akili, umetajwa wazi kifungu cha 107 kama ushahidi kwamba ndoa imevunjika. Kama ndoa haijafika miaka miwili kuna kuomba kibali cha mahakama kwanza.

Mali: kesi ya Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, Mahakama ya Rufani 1983, Jaji Mkuu Nyalali alisema kazi za nyumbani za mke ni mchango kwenye mali ya ndoa. Kichekesho cha ile kesi Bi Hawa mwenyewe hakupata mgao, walisema hela alizopewa na mume wake kabla alizitumia vibaya, lakini kanuni aliyotuachia ndo wanawake wote wanatembelea mpaka leo. Kwaiyo "hukuchangia hata tofali" sio hoja. Na nyumba ya ndoa hawezi kuiuza bila ridhaa yako, unaweza kuiwekea zuio.

Watoto: chini ya miaka 7 sheria inachukulia ni bora wawe na mama, ingawa hilo linaweza kupingwa. Hakuna hela ya wakili? Kuna Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017, TAWLA (chama cha wanasheria wanawake), WLAC (kituo cha msaada wa sheria kwa wanawake), Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu, na wasaidizi wa kisheria huko wilayani, ulizia ustawi wa jamii.

Mtoto wa Likoni

Salaam kutoka Mombasa. Huku kwetu tuna sheria ya 2015 ya ulinzi dhidi ya ukatili wa majumbani, waenda kortini wapewa amri ya ulinzi, yule mtu akatazwa kukukaribia hata nyumba yaweza kuwa ni yake. Simu ni 1195 bure. Nyie huko hamna?

Mwanasheria wa Daladala

Sheria ya peke yake ya ukatili wa majumbani hatuna ndugu yangu. Tunaokota vifungu, Sheria ya Ndoa huku, Kanuni ya Adhabu kule kwa shambulio na kudhuru mwili. Na ubakaji ndani ya ndoa kwenye Kanuni ya Adhabu unahesabika kama mke ametengana na mume tu, akiwa bado ndani hauhesabiki. Wanaharakati wamepiga kelele miaka na miaka. Kwa mtoto anayefanyiwa ukatili kuna simu 116, ni bure.

Bwana Mpunga

Wakuu samahani kama naingilia, na sisi wanaume je? Mimi mke wangu alinimwagia uji wa moto, nina kovu. Nilienda polisi wakacheka wakaita na wenzao waje wanione. Sijawahi kusema popote nasema hapa kwa sababu hamnijui

Kashata ya Nazi

Kaka yangu pole, na hujaingilia, uko sehemu sahihi kabisa. Waliokucheka wewe na aliyeniambia mimi rudi mkayamalize ni walewale.

Mwanasheria wa Daladala

Mkuu kifungu cha 66 kinasema mwenzi, hakisemi mke. PF3 haiulizi jinsia. Lile kovu lipige picha na ulitafutie cheti cha daktari hata kama limepona, na nenda na mtu, mwanaume mwenzako mzima, sio peke yako.

Kashata ya Nazi

Namalizia maana watoto wanaamka mapema.

Siku ya kuondoka ilikua ya kawaida sana. Likizo ya mwezi wa sita, yeye kazini, mimi na watoto tumevaa kama tunaenda kliniki, begi lilishatangulia kidogo kidogo kwa jirani, nguo mbili mbili. Niliacha sufuria za ndoa, niliacha kitenge alichonipa mama, na niliacha maharage jikoni ili akirudi adhani nimetoka kidogo. Gari la Morogoro, Msamvu tukashuka usiku. Shangazi alikua stendi. Kwa nini shangazi na sio mama? Kwa sababu kwa mama angekuja na mshenga. Shangazi alishaachika zamani, ukoo ulimtenga wakasema ana mkosi, kwaiyo hata kikao hawamwiti. Nyumba yake ndo ilikua salama kuliko zote kwa sababu hiyo hiyo.

Kesho yake nilifanya mambo mawili. Nilienda dawati la huku nikatoa taarifa nipo hai nimeondoka kwa hiari na watoto, maana nilijua atatangaza nimetorosha watoto, na kweli alitangaza. Alafu nikaenda ustawi wa jamii kuhusu shule. Mwalimu mkuu wa kule Dar nilishaongea naye kabla shule hazijafungwa, barua ya uhamisho akaiandika na hakuuliza sana.

Meseji zikaanza. Wiki ya kwanza "mke wangu nimekosa nisamehe nimeokoka", inafuata "nitakuua na huyo anayekuficha", inafuata namba ya mchungaji nisiyemjua, inafuata picha ya yeye anaumwa drip mkononi. Sikujibu hata moja na sikufuta hata moja. Zote zilichapishwa zikaenda mahakamani.

Kikao? Kiliitishwa, ndio. Wakapiga simu njoo tuongee. Nikawaambia baraza lipo, mje na yeye aje, kila kitu kitaandikwa. Alifika akaongea vizuri kuliko mimi maana mdomo anao, mimi nikatoa bahasha. Sikua na maneno mengi. Hati ya kushindwa kusuluhisha ikatoka, kesi ikaenda, talaka ikatoka, kiwanja kikathaminiwa nikapewa changu na matunzo ya watoto yakaamriwa. Matunzo yenyewe analipa kwa kusuasua, mwezi analipa mwezi anaruka, nakumbushia mahakamani, ndo maisha.

Sasa wanachoficha wengi ni baada. Nilidhani nikishatoka nitalala usingizi wa pono. Wapi. Pikipiki ikisimama nje usiku nashtuka nahesabu watoto. Na nitasema kitu mtanishangaa, nilimkumbuka. Yule mtu kabisa. Jumapili jioni nilikua namkumbuka mpaka naona aibu. Shangazi hakunikemea, alisema "kumbuka tu ila usipige simu". Kijana wangu mkubwa akaanza kumpiga mdogo wake na kumwambia maneno yale yale, neno kwa neno, sauti ile ile, nilikaa chini sakafuni nikalia. Afisa wa ustawi wa jamii akatuunganisha na mtu wa ushauri nasaha hospitali ya mkoa, tulienda mimi na mtoto muda mrefu, na sio kwamba siku moja tuliamka tumepona. Ila saivi kijana anagombana na mdogo wake kama watoto wengine tu, rimoti ya tv.

Saivi napika chapati za jumla kwa mama lishe. Nina laini mbili zote zina jina langu.

nesi_wa_zamu

Hapo kwenye kumkumbuka asante kwa kusema. Wanakuja kliniki wanadhani wamerogwa

Mzee wa Kigogo

Nimesoma yote. Nina binti yangu ameolewa Singida, simu zake siku hizi anaongea kwa kifupi sana na mume lazima awe pembeni, sauti kaiweka nje. Nilikua naona ni heshima. Mnanishauri nini nifanye bila kumharibia?

Kashata ya Nazi

Mzee wangu, usiitishe kikao. Nenda kamtembelee, ubebe hata mchele, usiseme unachohofia ukiwa sebuleni. Tafuta namna mtoke wawili, sokoni, msibani, popote. Umwambie tu chumba chake nyumbani kipo na hutamuuliza alijibuje. Alafu kaa kimya, usimlazimishe aseme siku hiyo. Akitaka kutoka utajua, na hapo ndo vyeti vyake viwe vinakaa kwako.

mgeni tu

Dada cheti cha ndoa amekificha yeye na kabati halifunguki hata siku moja. Tulifunga ndoa kanisani huku Geita. Je nikikosa nimekwama?

Kashata ya Nazi

Hujakwama. Kanisani mlipofunga kuna kitabu cha kumbukumbu, nenda siku ya kazi kwa katibu wa parokia, sema unataka nakala kwa ajili ya mambo ya bima ya watoto, huna haja ya kueleza mengine. Ndoa zinasajiliwa RITA pia, ule wakala wa serikali wa usajili, na vyeti vya kuzaliwa vya watoto nakala zake zinapatikana hukohuko. Na hata ambao hawana cheti kabisa, mmeishi miaka miwili watu wanawajua mke na mume, kifungu cha 160 cha Sheria ya Ndoa kinakuangalia, andaa mashahidi. Simu unayotumia hapa ni yako peke yako? Kama sio usinijibu hapa, futa historia sasa hivi, nitumie ujumbe wa ndani ukiwa kwa jirani. Mchana nipo mpaka saa tisa.